Yerba Haijaisha Ladha

Kabla hata ya kuwaonyesha pa kulala, Mzee Baldomero aliwasomea Yamila na Fermin sheria za mashua yake. Alisimama kwenye ngazi ya chumba cha chini, tumbo limemtangulia, kikombe cha kahawa ya unga mkononi, na bandari ya Portobelo, Panama, ikinuka dizeli na samaki nyuma yake.

"Ukitoka kwenye kiti cha usukani kwenda popote, unajifunga," alisema, akivuta kamba yenye ndoano iliyoning'inia kwenye mkanda wa kifuani wa Fermin. "Hata bahari ikiwa imelala kama paka. Na mwanamume akibanwa na mkojo, ashuke chooni akae kitako kama mama yake. Wengi wanaoanguka huokotwa zipu ikiwa wazi."

"Wakiokotwa," Fermin alisema.

"Wakiokotwa." Mzee alipiga funda la kahawa. "Na la mwisho ni hayo majani yenu. Wenzenu waliopita waliliziba sinki langu, jana nimelichokonoa kwa waya mpaka mgongo ukakataa. Sinki langu si jalala. Mkimaliza kunywa uchafu wenu, umwageni baharini. Bahari haizibi."

Uchafu wenyewe ulikuwa yerba, majani makavu ya chai chungu ya kwao. Yamila na Fermin walikuwa watu wa Paysandú, Uruguay, na mtu wa kule utamkuta bila viatu kabla hujamkuta bila chupa ya maji ya moto kwapani na kibuyu kiganjani. Miaka miwili walikuwa njiani, mabegi mgongoni, wakilala kwenye mahema na vyumba vya vitanda vya ghorofa, wakiosha vyombo kwenye mikahawa ya watu ili wapate nauli ya kwenda mbele. Fermin alikuwa ameuza buti zake, kamera yake, hata gitaa. Kibuyu hakukiuza. Ndiye aliyekuwa mmiminaji siku zote. Anajaza majani, anachomeka mrija wa chuma, anakunywa ile ya kwanza chungu peke yake, kisha anamimina maji tena na kumpa Yamila.

Jioni ile ya kwanza walimkaribisha na mzee. Alifyonza, akakunja uso, akarudisha kibuyu.

"Asante," alisema.

Fermin akamimina, akampa Yamila, akamimina, akanywa yeye, akampa Yamila tena. Mzee aliangalia kibuyu kikimpita mara mbili.

"Mbona mnaniruka?"

"Umesema asante, nahodha," Yamila alisema.

"Nimeonyesha adabu."

"Kwetu adabu ni kunyamaza. Unarudisha kibuyu kimya, unaletewa kingine. Asante maana yake nimetosheka, mnitoe kwenye mzunguko."

"Kwa hiyo mtu asiye na shukrani ndiye anayekunywa."

"Mtazame huyu," Fermin alisema, akimwonyesha Yamila kwa kidevu. "Miaka minne sijaisikia asante yake. Mimi nachoka, maji yanaisha, majani yanakufa, yeye ananyoosha mkono tu. Mwembamba, wewe ungenywa mto Uruguay ukabaki matope."

Mwembamba lilikuwa jina lake la mapenzi. Naye alimwita Fermin Mnene, ingawa mbavu zake zilihesabika.

Kati ya Panama na Kolombia hakuna barabara. Kuna msitu tu, na wenye mabegi wanaoogopa msitu huo huvuka kwa bahari. Mzee Baldomero, Mchile wa Valparaíso, aliishi kwa kuwavusha. Safari hii abiria wake walikuwa wamemtoroka, akawachukua hawa wawili wamsaidie kazi badala ya nauli. Kwa Yamila mashua ile ilikuwa na maana moja: iliwapeleka kusini. Huko Guatemala, homa ilipomlaza wiki nzima kwenye godoro la watu, Fermin alimshika mkono akamwambia: tukifika Cartagena, Kolombia, tunapanda basi, na basi baada ya basi mpaka kwetu. Nyuma ya duka la mikate la shangazi yake Yamila kulikuwa na chumba chenye jiko na dirisha moja, kinawangoja. Yamila alikwisha kulitundikia lile dirisha pazia kichwani. La njano.

Walipumzika kwenye visiwa vya Waguna, wenyeji wa pwani ile, wakala kamba wa baharini na mkate wa nazi walionunua kutoka kwa akina mama waliokuja kwa mtumbwi. Kisha wakatoka kwenye kingo za matumbawe na bahari kubwa ikawapokea kwa makofi. Upepo wa Februari ulivuma karibu usoni, mashua ikalalia ubavu wa kulia na kubaki hivyohivyo, na kila kitu ndani kikahamia upande huo: sufuria, vitunguu, watu. Yamila alitapika mpaka nyongo ikamwishia. Kifaa cha kushika usukani chenyewe kilikuwa kimekufa tangu mwaka jana, kwa hiyo walipokezana. Mzee alishika usiku wote, na asubuhi uso wake ulikuwa wa kijivu kama kitambaa cha kudekia.

Siku ya pili mchana walikula wali na dagaa wa kopo kwenye bakuli walizozibana magotini. Upepo ulikuwa umepungua kidogo. Mzee alilamba kijiko chake.

"Pwani mtaiona kesho asubuhi," alisema. "Na wewe Fermin, ukifika usipotelee kwenye baa. Tanga la mbele linataka kushonwa kabla ya Mei. Sivuki kwenda Azores na tanga la viraka."

Fermin aliinama kwenye bakuli lake.

"Azores ni wapi?" Yamila aliuliza.

"Katikati ya njia ya Ulaya, binti," mzee alisema, kisha akaona nyuso zao. Alichukua bakuli lake. "Naenda kulala. Mkiona meli, mniamshe. Mkiona wingu jeusi, mniamshe. Mkitaka kugombana, msiniamshe."

Walibaki wawili. Yamila alikuwa kwenye usukani, kamba yake imefungwa kwenye pete ya sitaha. Bahari ilikuja kwa vilima vya kijani, kimoja baada ya kingine, na mashua ilipanda na kushuka kwa mtikisiko unaovunja meno.

"Ungeniambia lini?" aliuliza.

"Cartagena."

"Kwenye kituo cha basi? Au ungenipungia mkono kutoka huku baharini?"

"Mwembamba, sikiliza. Ni miezi michache. Mtu kama mimi anavuka Atlantiki mara ngapi? Unaenda kwanza, unapanga chumba, mimi nakuja."

"Nakwenda kwanza. Nchi sita, peke yangu."

"Njoo basi na wewe."

"Nimetapika siku mbili, Mnene. Unaniambia nije Ulaya kwa ndoo?"

Fermin alicheka kidogo, akaona yeye hacheki, akaacha. Akafanya alilolifanya siku zote walipokwaruzana: akashuka chini, akabana birika jikoni kwa kiwiko mpaka likachemka, akarudi na chupa ya maji ya moto kwapani. Alijaza kibuyu majani mapya na kukitikisa juu ya kiganja ili vumbi litoke. Alikunywa ile ya kwanza, akamimina, akampa.

Yamila alikunywa. Alijua anachopewa. Kila walipogombana, kibuyu kilitembea kati yao mpaka hasira zikalegea, na hakuna aliyelazimika kusema samahani. Huko Oaxaca kibuyu kile kiliwapatanisha kwenye ngazi za benki. Huko León kiliwapatanisha mvuani. Alinyonya mpaka mrija ukakoroma, akashika kibuyu kitupu mkononi, akalitazama tanga, akaona kwamba safari hii hataki kupatanishwa.

Alikirudisha.

"Asante," alisema.

Fermin alikuwa ameshainamisha chupa. Maji yalimwagika kidogo kwenye goti lake.

"Yerba haijaisha ladha," alisema. "Ndiyo kwanza imeamka."

"Nimesema asante."

Fermin alimtazama. Si uso wa hasira aliokuwa nao. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika mlangoni kwake akakuta kitasa kimebadilishwa. Angeweza kuendelea kunywa peke yake. Watu hunywa peke yao. Lakini Fermin naye alikuwa na kiburi chake, na mmiminaji asiye na wa kumpa humwaga. Aliziba chupa, akaibana kwenye kona ya kiti, akasimama.

Kamba yake ilifungwa kwenye pete ya upande wa juu. Majani hayamwagwi upande wa upepo, yanakurudia usoni. Humwagwa chini, upande wa kulia, ambako maji yalikuwa yakipita karibu kama barabara. Kamba haikufika. Yamila alimwona akiivuta mara moja. Alimwona akipapasa kifuani, akaifungua ndoano, akaiacha ianguke kwenye kiti. Neno lilimjia mdomoni, lilikuwa fupi, na alilimeza. Asimwone anamjali. Aende, amwage, arudi, anune.

Fermin alipiga goti ukingoni, mkono mmoja ameshika waya wa kujishikia uliozunguka sitaha, mwingine anakigonga kibuyu kwenye ubavu wa mashua. Alikigonga mara mbili. Yale majani ya kijani mabichi yakadondoka kwa bonge moja. Kisha wimbi lililokuja kwa pembe tofauti na mengine likainua mashua kwa nyuma, likailaza zaidi upande wa chini, na maji yakapanda juu ya ukingo mpaka kwenye kiti. Yalipoteremka, waya ulikuwa unatetemeka na ukingo ulikuwa mtupu.

Hakupiga kelele. Yamila ndiye aliyepiga. Alilitupa boya kwa nguvu zake zote, akamwona Fermin nyuma, kichwa na mkono mmoja juu ya mgongo wa wimbi, karibu mno, mtu ambaye ungeweza kumrushia mkate. Alisukuma usukani ili ageuze. Mashua iligeuka, ikaukabili upepo, matanga yakaanza kupigapiga kwa mshindo wa bunduki, na chombo kizima kikasimama kikitetemeka. Aliangalia juu. Kwa kitambo cha kuangalia juu tu. Alipogeuka tena, vilima vyote vilikuwa sawa.

Mzee Baldomero alitokeza akiwa na chupi tu, macho yamevimba.

"Wapi?"

"Pale. Alikuwa pale."

"Nyoosha kidole. Kazi yako ni kidole tu. Usinitazame mimi, usitazame tanga, usilie. Kidole."

Alinyoosha. Nyuma yake alisikia matanga yakishuka na injini ikikohoa mpaka ikashika. Na hapo, kwenye shavu la wimbi la mbali, aliona kitu cha hudhurungi iliyokolea kikipanda, kimevurugika kama nywele za Fermin zisizopata kitana.

"Namwona," alisema. "Namwona, mzee, namwona."

"Usimwachie."

Hakumwachia. Kitu kile kilizama, yeye akabaki ameshika mahali pake, kikaibuka. Mkono ulimwuma kuanzia begani, akaushikilia kwa mkono wa pili. Mashua ilipanda na kushuka kuelekea huko. Alianza kuzungumza naye kwa sauti ya chini, Mnene tunakuja, Mnene usinywe hayo maji, tunakuja, na mzee akapunguza injini, akachukua kamba, akainama ukingoni.

Lilikuwa fungu la mwani.

Lilipita ubavuni taratibu, manjano na hudhurungi, na vijitunda vyake vidogo kama shanga. Mzee Baldomero alilitazama mpaka likafika nyuma. Alirudi kwenye usukani, akageuza.

Walilikuta boya, taa yake ndogo imewaka bila sababu kwenye mwanga wa jua. Hapakuwa na mtu. Mzee aliita kwenye redio kwa sauti ya kusoma, akitaja namba tena na tena. Meli ya mizigo ilijibu, ikabadili njia, ikaja na kukata bahari nao, jengo zima la chuma ambalo watu wake walikuwa vidoadoa kwenye ukingo. Jua lilizama. Walipita na kurudi, injini imepunguzwa ili wasikie, Yamila amesimama omo, mbele kabisa, akiita jina mpaka sauti ikawa upepo tu.

"Maji ya hapa ni ya moto," mzee alisema. "Mtu anakaa sana katika maji kama haya."

Kulipopambazuka ndege ilikuja, ikachora mistari juu yao nusu ya siku. Halafu ikaondoka. Sauti kwenye redio iliwaambia, kwa upole, waendelee na safari.

Mzee alipandisha tanga peke yake.

"Mimi ndiye niliyewakataza sinki," alisema. "Sinki. Kwa ajili ya waya na nusu saa ya mgongo kuuma."

Yamila alikuwa amekaa mahali palepale, chupa ya maji ya moto bado imebanwa kwenye kona. Hakuna aliyethubutu kuigusa.

"Nilimwona akifungua kamba," alisema.

Mzee hakugeuka.

"Nilimwona, na neno lilikuwa mdomoni. Nilikuwa nimenuna."

Mzee alilegeza kamba ya tanga, akaikaza tena.

"Watakuuliza bandarini," mzee alisema hatimaye. "Waambie alifungua kamba. Hilo la kununa usiwaambie. Hawana pa kuliandika."

Cartagena ilitokea asubuhi iliyofuata, minara myeupe kwanza, kisha ukuta wa kale, kisha joto. Ofisa wa bandari alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, akamletea Yamila kiti na maji ya kunywa. Aliuliza walikuwa nani kwa nani, mke na mume?

"Tulikuwa tunarudi nyumbani," Yamila alisema. Kijana alingoja kidogo, kisha akaandika kitu kingine.

Mchana alimpigia simu mama yake Fermin. Bi Elvira alikuwa ameshaambiwa na ubalozi. Alikuwa amelia akamaliza, sauti yake ilikuwa kavu na ya mbali. Nyuma yake Yamila alisikia redio ya jikoni, ileile, kituo kilekile.

"Mwanangu, nieleze kitu kimoja tu," Bi Elvira alisema. "Alikuwa anafanya nini pale ukingoni?"

"Alikuwa anamwaga yerba, mama."

Redio ya jikoni ikazimwa.

"Mlikuwa mmemaliza kunywa?"

Mwanamke yule alikuwa amemfundisha Fermin kumimina, akiwa na miaka sita, juu ya kigoda. Alijua anachouliza.

"Ndiyo, mama," Yamila alisema. "Tulikuwa tumemaliza."

"Basi," Bi Elvira alisema. "Afadhali. Hakukatishwa."

Nyumba ya wageni ya wenye mabegi ilikuwa na ua wenye vigae na bembea za kulalia. Yamila alilipa kitanda, akaweka mabegi mawili juu yake, akakaa sakafuni. Hakulala. Asubuhi alitoka uani, akakuta msichana na mvulana wamekaa mkekani, chupa ya maji ya moto katikati yao. Msichana alimwona anavyokitazama kibuyu.

"Wewe wa kwetu," alisema. "Macho hayo siyakosei. Mimi Jimena, wa Tacuarembó. Huyu ni jirani, wa Buenos Aires, tumsamehe. Kaa, mwenzangu."

Hawakujua lolote. Yamila alikaa. Kibuyu kilimjia kikiwa cha moto. Alifyonza mpaka mrija ukakoroma, akakirudisha bila neno. Wawili wale walizungumza juu ya mabasi, juu ya bei ya mchele, juu ya mashua iliyofika jana ikiwa imepoteza mtu, umesikia? Jimena alimkanyaga mvulana mguuni kwa sababu ya uso wa mgeni wao, ingawa hakuelewa kwa nini. Kibuyu kilizunguka. Mvulana alisema asante, akaenda kuoga. Wakabaki wawili.

Kibuyu kilikuja, kikarudi. Kikaja. Maji yalikuwa sasa vuguvugu. Majani yalikuwa yamefura na kuelea, hayana uchungu tena, hayana chochote. Alikuwa akinywa maji yaliyopita mahali palipokuwa na yerba. Alirudisha kibuyu kimya, akanyoosha mkono tena.

"We dada," Jimena alisema akicheka, "una kiu ya jangwa. Hii imekufa zamani. Ngoja niimwage niweke mpya."

Aliinuka na kibuyu mkononi. Yamila alimshika kifundo cha mguu kwa mikono yote miwili.

"Usiimwage," alisema.

Jimena alisimama. Alimtazama, akamtazama tena, kicheko kikamtoka usoni kidogokidogo. Kisha akakaa chini, akaitikisa chupa kusikia kama kimebaki kitu, akamimina.